Miguu Ambayo Haijatolewa Nje

Katika nchi yetu kinachotenganisha ndani na nje si ukuta. Ukuta ni kazi ya seremala, na seremala huweza kukosea. Ndani ni pale palipopikwa chakula, watu wakala pamoja, na mifupa ya mnyama ikaning'inizwa mtini ili mbwa wasiichezee. Kwingine kote ni nje, hata pakiwa na paa la bati, madirisha ya vioo na taa inayowaka mchana. Kwa hiyo ninaposema kwamba nyumba nyeupe iliyo juu ya kilima, tunayoiita Nyumba ya Mizani, iko nje, sifanyi mzaha. Ina milango mitatu na iko nje. Ina vitanda sita na iko nje. Tangu ijengwe hakuna aliyechemsha humo maji ya chai akamwambia mwenzake, karibu.

Na mtoto wetu hakanyagi nje kabla ya kutolewa nje.

Anapoanza kutembea, hutembea ndani tu, juu ya matawi ya msonobari tunayoyatandika hemani. Akienda popote hubebwa. Nyayo zake haziguswi na udongo wala theluji mpaka ifike asubuhi yake. Asubuhi hiyo, jua likichomoza, mlango wa hema hufunguliwa upande wa mashariki, mtoto hushikwa mkono, hupita mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, hufuata njia iliyotandikwa matawi mpaka kwenye mti mdogo, huuzunguka, hubebeshwa kuni chache mgongoni, kisha hurudi ndani kuwapa wazee kuni zile. Ni hatua arobaini, labda hamsini akiwa mwenye kuduwaa. Kabla ya hatua hizo ni mtoto wa fulani. Baada yake ni mtu, na ardhi imemtambua.

Mtu huanza lini? Nimelala na swali hili na kuamka nalo. Kusini, ambako ndege hutoka, wanasema mtu huanza pale muhuri unapogonga karatasi. Mwanangu Sikwan alizaliwa huko Kusini, kwa sababu mwanamke wa kwetu akifikisha miezi minane hupandishwa ndege, apende asipende, akazae mbele ya watu wasiojua jina la mama yake. Nilimzaa kwenye chumba ambacho saa yake ya ukutani ilikuwa na sauti kuliko mimi. Wakagonga muhuri. Wakasema, haya, amekuwepo. Nikamtazama, naye akanitazama, na nadhani sote wawili tulijua kwamba bado. Nikampa jina la majira ambayo barafu huvunjika mtoni. Nikarudi naye nyumbani nikiwa nimemfunga kifuani, na toka siku hiyo miguu yake imekuwa ikingoja.

Mimi ni Edina. Nina miaka ishirini na miwili na sauti yangu ni ndogo. Si kwamba sina maneno. Maneno yapo, yamejipanga nyuma ya meno kama watu kwenye foleni, na yule wa mbele ni mwenye haya.

*

Shule yetu iliishia darasa la tano. Darasa la sita lilikuwa angani. Mtoto akimaliza la tano alipelekwa kwenye kiwanja cha changarawe, akapanda ndege, akaenda kulikamata darasa la sita huko lilikokimbilia. Mimi nilipanda ngazi tatu za ndege ile, miguu ikasimama, ikageuka, ikashuka. Sikuiamuru. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake: hakumaliza.

Hakumaliza. Nimeligeuza neno hilo miaka kumi. Aliyekatwa kamba akaambiwa hakufika, ni yeye asiyefika? Herufi nilizipenda. Nazipenda mpaka leo, nasoma hata maandishi ya kwenye magunia ya unga. Nilichokataa ni ngazi ya nne.

*

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu kosa lipo na ni langu.

Katika Nyumba ya Mizani kuna koti jeupe lililotundikwa msumarini. Kila mwezi ndege huleta mtu mpya kutoka Kusini, naye hulivaa, na akishalivaa anakuwa Mpimaji. Nimeshaona Mpimaji mrefu, Mpimaji mwenye mafua, Mpimaji mwanamke aliyependa kuimba. Mwezi ukiisha hulivua, hupanda ndege, na mwingine huingiza mikono kwenye mikono ile ile. Koti hukaa. Masikio huondoka.

Mpimaji wa kwanza alipotaka Sikwan atembee sakafuni, binamu yangu Wini, anayefanya kazi ya kutafsiri pale, alimweleza habari ya kutolewa nje. Mpimaji aliitikia kwa kichwa. Nikaona jambo limekwisha, wamejua. Hilo ndilo kosa langu. Nilidhani koti limesikia.

Mwezi uliofuata alikuja mwingine. Sakafu yao ina mistari miwili, mwekundu na wa kijani. Mtoto wa umri fulani anatakiwa kutoka mwekundu mpaka wa kijani bila kushikwa.

"Anasema umweke chini, dada," Wini alisema.

Nikatikisa kichwa.

Wini akafungua kinywa amweleze. Mpimaji akainua kalamu. "Wewe tafsiri," alimwambia. "Usieleze."

Wini akatazama viatu vyake. Mimi nikamkumbatia Sikwan, nikanyamaza, kwa sababu nilidhani mtu huyu anajua na anafanya ukorofi tu, na mkorofi dawa yake ni kumwacha achoke. Mara ya tatu ikawa vile vile. Na Sikwan, ambaye alianza kutembea akiwa na miezi kumi, ambaye hemani hukimbia na kijiko cha bibi yake akifukuzwa, alikaa mapajani mwangu kimya kama mzigo, kwa kuwa hata yeye anajua pale ni nje.

Nikwambie na jambo jingine, hata kama hutaniamini. Kila nilipovuka kizingiti cha nyumba ile, miaka ilinidondoka. Naingia na ishirini na miwili, nikifika katikati ya chumba yote imebaki mlangoni pamoja na viatu vya watu, na mimi ni mtoto mchanga nimelazwa chali. Shuka limenipitia kifuani na fundo lake liko chini ya kitanda, mbali na mikono yangu. Dari jeupe. Harufu ya sabuni. Najaribu kuinua mguu na mguu hauna habari na mimi. Mtoto huyo si mimi. Ni Bibi Jemima, mama wa mama yangu, aliyechukuliwa na ndege akiwa na miezi minane kwa sababu ya kifua, akarudishwa akiwa na miaka saba, kifua kimepona na lugha imekufa. Alinisimulia mara moja, tukimnyonyoa bata, wala hakuinua uso. Sijui kwa nini mwili wangu uliingia pale ukakumbuka mwili wake. Labda miili ya ukoo mmoja ni chumba kimoja chenye milango mingi. Labda kumbukumbu isiyopata pa kukaa hukaa kwa yeyote aliye karibu. Nikitoka, miaka yangu naikuta mlangoni, naivaa, naondoka. Lakini siku moja nilipofika nyumbani Bibi aliniuliza, bila kugeuka kutoka motoni, "Nani alikuwa amelala kwenye kitanda changu?"

*

Barua ilifika Jumatatu. Niliisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari.

Mtoto hatembei. Mama hajibu. Mtoto apelekwe Kusini achunguzwe, akae huko mpaka atakapotembea kwa kuridhisha. Ndege ya Alhamisi.

Hapa kwetu hakuna asiyejua maana ya mpaka. Mtoto wa jirani alipelekwa kwa ajili ya sikio mpaka lipone. Sikio lilipona, mtoto akawa na mama mwingine na jina jingine. Maneno yao mengi yana mlango, lile moja halina.

Tulikuwa watu watatu hemani, na Sikwan wa nne. Bibi Jemima alikuwa amemning'iniza bata bukini kwa uzi mbele ya moto, anamzungusha kwa ncha ya kijiti ili aive pande zote, mafuta yakidondokea sufuriani. Mjomba Klifodi, mwanawe wa mwisho, alikuwa amelala kwa kiwiko akisikiliza barua. Ni mtu asiyeweza kukaa na huzuni zaidi ya dakika tatu.

"Kumbe dawa ni rahisi," alisema. "Tumtoe keshokutwa, jua likichomoza. Hatua arobaini, tunakula, tunamaliza. Alhamisi ndege ikija, mtoto anapanda kilima kwa miguu yake, anafika kwa Mpimaji, anamng'ata goti."

"Na baba yake?" niliuliza.

Baba yake Sikwan yuko ng'ambo ya mto kwenye mitego. Barafu imeanza kuvunjika. Ni nyembamba mno kwa miguu na ni nyingi mno kwa mtumbwi. Kila jioni huwasha moto kule ng'ambo, tunaona moshi, tunajua yu mzima. Yeye ndiye atakayesimama mlangoni kumpokea mwanawe akirudi na kuni.

"Baba yake atasimuliwa," Klifodi alisema. "Nitasimulia vizuri. Nitaongeza hata dubu."

"Mjomba, tukimtoa kwa sababu ya ndege, ndege ndiyo itakayokuwa imemtoa."

Klifodi akaketi wima. Nadhani hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kwangu. Nilitegemea Bibi aniunge mkono. Watu wakubwa ndio wenye sheria hizi, sisi tunazibeba tu. Bibi akamzungusha bata, uzi ukajisokota, ukaanza kujisokotoa wenyewe.

"Mweke chini," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Huko kwao. Alhamisi panda kilima, mweke chini kwenye mistari yao, atembee, wafurahi, mrudi mle. Mguu ni nyama. Sakafu ni mbao."

"Bibi, wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Aseme nani? Mimi nilikuwa huko. Mimi najua wanavyofanya wakinyimwa kitu." Hakuinua sauti. "Wakitaka miguu, wape miguu. Watakuachia kilichobaki. Mimi nilijifunza kuwapa kabla hawajaomba. Ndiyo maana nipo hapa naivisha bata."

Sikwan alitoka kwangu, akapita juu ya matawi mpaka kwa Bibi, akaweka mikono yote miwili juu ya goti lake, na Bibi akageuzia macho upande mwingine, kama mtu anayemulikwa usoni.

*

Nikaenda kukaa ukingoni mwa mto, na nilichowaza ni hiki.

Kwamba nguvu haina haja ya kupiga. Mwenye nguvu ni yule ambaye kutojua kwake kunakuwa kosa la mwingine. Mimi nisipojua la Mpimaji, ni mjinga. Mpimaji asipojua langu, mtoto ni mgonjwa.

Kwamba kalamu ikiandika hatembei, miguu inayokimbia hemani inakuwa uvumi.

Kwamba hatua ya kwanza ya nje haina ya pili yake. Mtu anaweza kupewa nguo mara mbili, jina mara mbili, hata mama mara mbili. Hatua ile hupewa kitu kimoja tu. Ukiipa mistari, mistari imeichukua, nayo haitakumbuka hata jina lako.

Kwamba Bibi hasemi uongo. Aliyewapa alibaki hai. Wengine waliokataa tuliwazika, au hawakurudi hata kuzikwa.

Na mimi ni nani wa kukataa? Mimi ambaye dukani hununua chumvi kwa kidole.

Mto ukajibu kwa namna yake. Kipande cha barafu kikubwa kama sakafu ya hema kilisimama kikaitazama nchi kavu, kikapasuka katikati, kikaenda zake pande mbili. Sikuelewa. Sikuwa natafuta kuelewa. Nilirudi nikiwa najua jambo moja: Alhamisi sipandi kilima.

*

Alhamisi ndege ilitua saa nne. Saa tano walikuwa bado wananingoja juu. Saa sita waliteremka.

Nilisikia buti kwenye changarawe, halafu kwenye tope, halafu zikasimama. Pazia la mlango wa hema lilikuwa limekunjwa likafungwa juu. Mpimaji alisimama na faili lake, Wini pembeni yake, na nyuma yao rubani, mtu mnene mwenye masharubu, aliyekuwa tayari ananusa. Siku hiyo tulikuwa na mabata matatu motoni.

Mpimaji alikuwa kijana. Nilitamani awe na sura mbaya, hakuwa nayo. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Anasema hana ubaya na mtoto," Wini alitafsiri. "Anasema anafuata karatasi. Anasema umtoe, ndege haingoji."

Yule mwenye haya wa mbele ya foleni aliinama kama kawaida yake. Nikampita.

"Mwambie mlango uko wazi," nilisema. "Aingie amwone akitembea. Viatu aviache hapo."

Wini alinitazama kama aliyeona sufuria ikisema. Akatafsiri. Mpimaji akajibu kwa kirefu.

"Anasema kazini haruhusiwi kuvua viatu. Na kipimo cha hemani hakikubaliki. Sakafu haina mistari."

"Kwa hiyo akimwona anatembea, hatakuwa anatembea?"

Wini akatafsiri. Mpimaji akafikiri. Ninamheshimu kwa hilo, alifikiri kweli.

"Anasema ndiyo. Kwenye karatasi, ndiyo."

"Basi mwambie huyo mtoto wa kwenye karatasi amchukue. Yuko ndani ya faili, hana uzito, hata ndege haitachoka. Huyu wangu abaki."

Klifodi alicheka akajifunika mdomo. Wini hakutafsiri. Alisimama kidogo, uso umemwiva, kisha akainama, akafungua kamba za buti zake, moja, ya pili, akaziweka kando ya mlango, akaingia na soksi zake za bluu, akakaa kando yangu. Mpimaji akamwita. Mara mbili. Wini akajibu kwa lugha yao, neno fupi.

"Umemwambiaje?" Klifodi alinong'ona.

"Nimemwambia nimekuja kula."

Rubani akasema kitu, akavua buti zake naye. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole gumba kilikuwa nje kama mtu anayechungulia. Sikwan alikiona. Akasimama kutoka mapajani kwangu, akapita juu ya matawi, hatua tisa, hakushikwa na mtu, akainama akakishika kidole kile akakivuta. Rubani akapiga kelele. Hema lote likacheka, na ninaposema lote ni kwamba majirani walikuwa wameshaanza kuingia kwa upande wa nyuma, mmoja na sahani yake, mwingine na mtoto wake, bila kualikwa, kama watu waingiavyo palipo na chakula.

"Anatembea huyu," rubani alisema. Wini sasa alikuwa anatutafsiria sisi.

"Wewe ni rubani," Mpimaji alimjibu kutoka nje.

"Ndiyo. Na sina mistari."

Mpimaji hakukasirika. Alifungua faili, akatoa karatasi, akaipitisha mlangoni bila kuvuka, mkono tu ukiwa ndani. Nikaipokea. Chini palikuwa na mstari mtupu wa sahihi yangu na juu yake maneno makubwa: Mimi mzazi nakubali. Wini alitaka kunisomea. Nikamwambia ngoja.

Nilisoma yote. Watu walikula na mimi nilisoma. Kidole chini ya mstari, midomo ikicheza, kama nilivyosoma darasa la tano nikiwa mwisho wa chumba. Maneno mengine niliyapita mara tatu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, nilikuta sentensi ambayo nadhani hakuna aliyeisoma tangu ichapwe, si sisi wala wao. Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa sauti yangu ile ile ndogo, lakini mafuta ya mabata yalikuwa yameacha kuchemka na kila mtu alisikia.

"Mtoto ha-sa-firishwi bila sahihi ya mzazi."

Wini akairudia kwa lugha yao, taratibu, akimtazama Mpimaji usoni.

Rubani aliacha kutafuna. "Ipo sahihi?" aliuliza.

"Haipo," nilisema.

"Basi sibebi. Leseni ni yangu."

Nikachukua kalamu ya Mpimaji iliyokuwa imebanwa kwenye karatasi. Juu ya mstari mtupu sikuandika jina. Niliandika hivi, kwa mwandiko wangu wa mviringo: Mtoto anatembea. Aliyemwona ni kila aliyeingia. Wewe tulikukaribisha. Nikairudisha kwa mkono ule ule uliokuwa bado unangoja mlangoni. Aliitazama akiwa amesimama kwenye tope, Wini akamsomea kwa lugha yao. Halafu alisema jambo, na Wini akalitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema watakuja na karatasi nyingine. Isiyohitaji sahihi."

"Najua," nilisema. "Mwambie na sisi tutakuwa tunakula."

Alipanda kilima peke yake. Sikufurahia kushindwa kwake. Alikuwa mtu mmoja ndani ya koti kubwa, na koti lilijua njia kuliko yeye. Rubani alimaliza paja lake, akafuta masharubu, akatafuta buti zake, akaaga kila mtu mpaka watoto, akamfuata.

*

Muda wote huo Bibi Jemima alikuwa kando ya moto. Alikuwa ametupa mgongo, anazungusha bata ambaye alishaiva, ambaye alishaliwa upande mmoja. Ndege ilipowashwa kule juu, mkono wake ulisimama.

"Mimi sikutolewa," alisema.

Klifodi alidhani anazungumzia nyama. "Bado ipo, mama, nikukatie?"

"Sikutolewa nje. Nilichukuliwa miezi minane. Niliporudi nilikuwa na miaka saba na viatu vyao. Walinishusha ndegeni nikakanyaga. Kila mtu alidhani ilishafanyika. Nani angeuliza? Wengi walikuwa wanalia, na mimi sikuwa na lugha ya kusema." Akageuka. "Nimepita juu ya nchi hii miaka sitini na minne kama mgeni asiyebisha hodi. Nilikwambia umweke chini kwa sababu nilifikiri, mbona mimi nimeishi hivyo hivyo."

Nilimwona. Mbele yangu palikuwa na kizee cha miaka sabini na mmoja na mtoto wa miezi minane wamekaa mahali pamoja, wamevaa shali moja, wala hawakugombania nafasi.

"Basi utatolewa," nilisema. "Barafu ikiisha. Siku ile ile na Sikwan. Yeye mbele, wewe nyuma yake."

"Mimi? Watu watacheka."

"Wacheke. Si wataona?"

Kisha Bibi yangu alifanya kitu ambacho mpaka leo wanakisimulia. Alinyoosha miguu yake, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavua soksi, akavitupa vyote mlangoni, vikatua kwenye tope. Miguu yake ilikuwa midogo na myeupe kwa juu, na vidole vilivyokaa vibaya.

"Haya," alisema. "Kuanzia sasa sitoki."

"Mama," Klifodi alisema, "barafu inaweza kuchukua wiki mbili."

"Sitoki."

"Na choo je? Choo kiko kule kwenye miti."

"Mgongo wako Mungu alikupa wa kazi gani? Nilikubeba miaka miwili, mzito kama gogo bichi. Inama."

"Mama, sasa hivi?"

"Mafuta ya bata yameniendesha. Inama, nimesema!"

Klifodi akainama. Tulimpandisha mimi na Wini, tukicheka mpaka machozi yanatutoka, na Sikwan akipiga makofi bila kujua kwa nini. Akatoka naye mlangoni, akayumba kwenye tope, na watu wote wakatoka nyuma yao kutazama. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza inanyanyuka, ikapita juu yetu chini chini mpaka nyasi zikalala. Hakuna aliyeinua kichwa. Tulikuwa tunaitazama ile miguu miwili iliyoning'inia pembeni mwa kiuno cha Mjomba, imekunjwa vidole, imejivuta juu kwa nguvu zote isiguse hata jani refu.

"Polepole, we mtoto!" Bibi alimkaripia, akimpiga kofi la kisogoni. "Ukiniangusha hapa utaniharibia mwanzo wangu."